Siku ya 85: kurudi kazini ukiwa na mtoto mchanga

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania Bara ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akijifungua mapacha, 100. Ni siku za kalenda: Jumapili imo, Idi imo, hata ile wiki uliyolala na homa imo. Siku ya 85, saa 2 asubuhi, unatakiwa kazini.

Wengi hujiandaa kwa kununua blauzi. Blauzi tutaifikia. Kinachomliza mtu siku hiyo ni yale ambayo hayakuzungumzwa mapema: nani anabaki na mtoto, maziwa yanatoka wapi, kliniki anakwenda nani, bosi anajua nini. Yote yana majibu. Ila hayapatikani asubuhi ya siku ya 85, mtoto analia na bajaji inapiga honi nje.

Basi twende.

Kalenda kwanza

Hesabu tarehe yako ya kurudi leo hii, hata kama tumbo bado dogo. Likizo inaweza kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio. Ukiianza mapema hivyo, utarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8 tu. Kama daktari hana wasiwasi na mwili unakubali, wiki unazozibakiza sasa utazitumia baadaye mtoto akiwa mkononi. Kama mwili umegoma, pumzika. Usishindane nao.

Mwajiri mpe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, pamoja na cheti cha daktari. Iwe kwa maandishi. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au tuma kwa barua pepe. Mlichokubaliana kwenye korido hakikusaidii HR akibadilishwa.

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: naweza kuunganisha likizo ya mwaka? Sheria inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, na hizo ni mbali na za uzazi. Mwajiri ndiye anayepanga lini uzichukue, kwa hiyo omba mapema, kabla wenzako hawajajaza Desemba yote. Zikiunganishwa, unapata siku 112. Hizo ni wiki 16, na kati ya mtoto wa wiki 12 na wa wiki 16 kuna tofauti utakayoiona kwa macho.

Umejifungua njiti? Waulize HR kuhusu marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025. Yamemwongezea muda mama wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Si kila ofisi imeyasoma.

Na kama unachangia NSSF, kuna fao la uzazi. Lina masharti ya idadi ya michango. Angalia taarifa yako ungali mjamzito; ukikuta mwajiri ameruka miezi, una muda wa kumkumbusha.

Sheria ya kuweka kwenye pochi

Huhitaji kuwa mwanasheria. Jua haya tu, mengi yamo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Unarudi kwa masharti yaleyale ya kazi uliyoyaacha. Hupaswi kupewa kazi inayohatarisha afya yako au ya mtoto unayemnyonyesha. Kukuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito si halali. Likitokea, una siku 30 za kulifikisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA. Siku 30 huisha upesi ukiwa na mtoto mchanga, kwa hiyo usikae ukisubiri bosi apoe.

Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005. Hesabu za huko ziulize huko. Kenya ni miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Kama uko Nairobi au Mombasa na unakamulia maziwa stoo, hilo una pa kulisemea.

Saa mbili zako, zitumie

Mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Wengi huzipoteza kwa aibu. Wengine huambiwa "tutaangalia," wakakubali.

Usiende kuomba ruhusa. Nenda na mpango. Wiki 2 kabla ya kurudi, mwandikie msimamizi wako ujumbe mfupi, mfano huu: "Narudi tarehe fulani. Saa zangu 2 za kunyonyesha nitazitumia hivi: nitaingia saa 3 asubuhi na kutoka saa 10 jioni. Ripoti ya wiki itakuwa mezani kwako kila Alhamisi kama kawaida. Kama mpango huu una tatizo, naomba tuuzungumze kabla sijarudi."

Angalia ujumbe huo unavyofanya. Unataja saa. Unataja kazi yake itakavyofika. Halafu unamwachia nafasi ya kusema. Bosi anayeogopa kwamba kazi italala ametulizwa kabla hajauliza.

Kama unakaa Mbagala na ofisi iko Posta, kurudi nyumbani mchana kunyonyesha ni ndoto. Kwako, kuingia kwa kuchelewa na kutoka mapema ndiyo dawa, kwani unakwepa na foleni. Kama nyumbani ni dakika 10 kwa bodaboda, chukua saa 2 za mchana kwa mkupuo. Kila mtu na ramani yake.

Na utakapoinuka saa 10, inuka. Usizunguke meza zote ukiomba radhi. Sema "tuonane kesho," beba pochi, ondoka. Ukiaga kila siku kwa kujitetea, utawazoesha watu kudhani unaiba muda.

Ukiweza kuchagua, siku ya kwanza iwe Jumatano au Alhamisi. Unafanya siku 2 au 3, unaona palipovuja, unapumua wikiendi, unarekebisha. Jumatatu ya kwanza yenye siku 5 mbele yake ni nzito bila sababu.

Maziwa

Anza kukamua wiki 3 kabla. Mwili unahitaji kujifunza, nawe pia. Nawa mikono kwa sabuni, keti palipotulia, kamua baada ya mtoto kunyonya asubuhi, maana asubuhi maziwa huwa mengi. Siku za mwanzo utapata kidogo, chini ya kikombe cha kahawa. Usiogope. Endelea saa ileile kila siku.

Mashine ya kukamulia ni nzuri kama unaimudu. Mkono nao unatosha. Mwombe nesi wa kliniki akuonyeshe kwa vitendo, si kwa maneno. Ni kazi ya dakika 5 na itakuokolea pesa nyingi.

Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa kama mililita 750 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Wewe haupo kwa saa 9 au 10 tu. Mililita 300 hivi, zikigawanywa kwenye vyombo vidogo, zinatosha kuanzia. Vyombo viwe vidogo makusudi: akibakiza, unamwaga kidogo. Kumwaga maziwa uliyoyakamua alfajiri kunauma, acha tu.

Sasa joto. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 kwenye chumba cha nyuzi 25. Dar ya Februari haina chumba cha nyuzi 25, labda ofisi yenye AC. Kwa hiyo yaweke kwenye baridi mara tu unapomaliza. Jokofuni hukaa hadi siku 4, upande wa ndani kabisa, siyo mlangoni. Kwenye friza, hadi miezi 6. Yakishayeyuka jokofuni, yatumike ndani ya saa 24, na usiyagandishe tena. Andika tarehe kwa kalamu ya maka kwenye kila chombo.

Umeme ukikatika, usifungue jokofu kuangalia kama maziwa bado ni ya baridi. Lililofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Kazini, kama jokofu la ofisi limejaa wali maharage wa watu, beba hotpoti ndogo yenye vifuko vya barafu. Utafika nayo nyumbani salama.

Kuyapasha: weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Jikoni hapana, microwave hapana. Inachoma sehemu moja na kuacha nyingine baridi, mtoto anaungua mdomo.

Mfundishe mtoto kikombe kidogo badala ya chupa. Kikombe kinasafishika kirahisi, na chupa isiyochemshwa vizuri ni mlango wa kuhara. Mtoto akalishwe wima, maziwa yaguse mdomo, ajinywee mwenyewe. Anayemfundisha asiwe wewe. Akikunusa tu atataka ziwa, na haki anayo. Toka nje, nenda hata gengeni.

Ofisini, mahali pa kukamulia ni chumba chenye mlango unaofungwa: chumba cha mikutano, ofisi ya HR, chumba cha sala kama wenyewe wamekubali. Chooni hapana. Hakuna anayekula chooni, na mwanao asile cha chooni.

Blauzi sasa. Za vifungo mbele, rangi za vitenge vyenye maua mengi. Maziwa yakivuja, maua yanaficha. Beba mtandio au khanga nyepesi na blauzi ya akiba kwenye droo. Imetosha.

Haya ya maziwa ni kwa mama ambaye kliniki haijampa maelekezo mengine. Kama wewe umepewa yako, fuata hayo.

Baba wa mtoto apewe kazi nzima

Hapa ndipo penye mzigo, mdogo wangu, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Waume wengi wa siku hizi wako tayari kufanya kitu. Tatizo ni kwamba wanasubiri kuambiwa. Wewe unakumbuka pampers zimeisha, unamtumia ujumbe, anauliza saizi gani, unamjibu, anapiga simu kutoka dukani, anakuletea. Pampers kanunua yeye, lakini kichwa kilichofanya kazi ni chako. Ukifanya hivyo kwa mambo 20 kwa siku, utafika jioni umechoka na hakuna anayeona umefanya nini.

Dawa yake ni kumkabidhi jambo zima, kuanzia kulikumbuka hadi kulimaliza. Chagua matatu au manne, mkae, mkubaliane, kisha uyatoe kichwani mwako.

La kwanza liwe kliniki. Chanjo za mtoto Tanzania huanza akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sasa piga hesabu: ukirudi kazini baada ya wiki 12, chanjo ya wiki ya 14 inaangukia siku zako za mwanzo ofisini, wakati unajaribu kumwonyesha bosi kwamba umerudi kweli. Hiyo ni ya baba. Kadi akae nayo yeye. Tarehe iwe kwenye simu yake. Ampeleke, asubiri foleni, amshike mtoto akichomwa sindano, na arudi na tarehe ya safari ijayo. Akina mama kliniki watamtazama. Atazoea. Mara nyingi manesi huwachangamkia akina baba wanaokuja.

Usimpe maelekezo 15 kabla hajatoka mlangoni. Na akirudi amemvisha mtoto soksi za rangi mbili, nyamaza. Mtoto amechanjwa, ndilo lililokuwa likitakiwa. Ukimsahihisha kila kitu, wiki ijayo atakurudishia kadi, na utakuwa umejitakia.

La pili, likizo yake. Sheria inampa baba siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, lakini azichukue. Halafu kuna mbinu nzuri kuliko zote humu: likizo yake ya mwaka aiweke akiba, aianze siku unayorudi kazini. Wewe unatoka, yeye anabaki na mtoto wiki 2. Dada wa kazi akiwepo, baba anaona anavyofanya kazi. Wewe ukiwa ofisini, hupigi simu kila nusu saa. Na yeye, baada ya wiki 2 za kubaki na mtoto mchanga, hatakuuliza tena ulikuwa unafanya nini nyumbani kutwa nzima.

La tatu, usiku. Usipokezane naye kila mtoto anapolia. Mtagombana gizani nani zamu yake. Gawaneni usiku vipande viwili. Mmoja anashika hadi saa 8 usiku, mwingine anaanzia hapo hadi alfajiri. Ukiwa unanyonyesha, yeye akuletee mtoto, na baada ya hapo ambeue, ambadilishe, ambembeleze. Wewe lala.

Watu watasema. Jirani akimkuta anaanika nepi, atasema amelishwa limbwata. Rafiki zake watamwambia amekaliwa. Hayo ajibu yeye, na jibu fupi ndilo zuri: "Mtoto wangu huyo." Kama maneno yanatoka kwa mama mkwe, usiyajibu wewe hata kidogo. Mwanawe ndiye akaongee naye, tena akiwa peke yake, kwa heshima. Mkwe ukilijibu hilo, linageuka kesi ya ukoo.

Kazini nako kuna swali utakaloulizwa mara nyingi: "Mtoto umemwacha na nani?" Mumeo hataulizwa kamwe. Lijibu kwa utulivu, "yuko na baba yake" au "yuko nyumbani salama," na urudi kwenye ajenda. Huna haja ya kueleza ratiba ya nyumba yako mbele ya watu wa idara ya manunuzi.

Huna mume, au yuko mbali? Mgao ni uleule, majina ndiyo yanabadilika. Kliniki apewe dada yako. Usiku wa Ijumaa aje shangazi. Mkabidhi kila mmoja jambo moja zima, na uwaambie kwa majina. "Nitahitaji msaada wenu" ikisemwa kwenye group la WhatsApp la familia hupata emoji za moyo na hakuna anayekuja.

Dada wa kazi ni mwajiriwa

Umelilia haki zako kurasa mbili nzima. Sasa wewe ndiye mwajiri.

Usimwajiri mtoto akulelee mtoto. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Mimi nakwambia tafuta aliyetimiza 18, anayeweza kuamua jambo wewe ukiwa kwenye kikao. Andikeni makubaliano hata ya ukurasa mmoja: mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, likizo. Kima cha chini cha mshahara wake hutangazwa na serikali, kiangalie. Siku moja ya kupumzika kila wiki ni haki yake, na zile siku 28 za mwaka pia.

Aanze wiki 3 kabla hujarudi kazini. Wiki ya kwanza anatazama. Ya pili anafanya, wewe unatazama. Ya tatu unatoka saa 2, kisha saa 4, kisha nusu siku. Usimpe kazi zote za nyumba pamoja na mtoto. Mwambie wazi: mtoto kwanza, vyombo baadaye, mazulia hata yasipofuliwa mwezi huu hakuna atakayekufa.

Bandika karatasi moja jikoni. Namba yako, ya baba, ya jirani wa karibu, ya bodaboda mnayemwamini, na jina la hospitali mnayokwenda. Chini yake andika mambo ya kupiga simu papo hapo: mwili wa moto, kukataa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, degedege, kulegea. Mtoto wa chini ya miezi 3 akichemka, hospitali siku hiyohiyo. Hakuna dawa ya kupewa kabla ya kuulizwa wewe au baba.

Muwekee vocha kwenye simu. Ni ajabu wangapi huacha mtoto na mtu asiye na salio.

Bibi na uji

Bibi akija kukaa nanyi, shukuru. Hakuna mlezi anayemshinda. Ila mtoto akilia mara mbili mfululizo, atakwambia ana njaa na atakoroga uji mwepesi, au atampa maji kwa sababu kuna joto. Chini ya miezi 6 mtoto anatosheka na maziwa ya mama, maji yake yamo humohumo.

Usibishane naye. Nenda naye kliniki ya wiki ya 10. Kabla hamjaingia, mnong'oneze nesi. Nesi atasema, bibi atasikia, na heshima ya kila mtu itabaki palepale. Nyumbani umpe kazi ya heshima: kumwogesha, kumbeba mgongoni jioni, kumlaza. Bibi mwenye kazi yake hatafuti sufuria.

Pesa

Utaambiwa, labda hata na shoga yako: "Mshahara wako wote unaishia kwa dada, pampers na nauli. Si bora ukae nyumbani?" Usikubali hesabu hiyo. Mtoto ni wa wawili, basi gharama ya kumlea inakatwa kwenye mishahara miwili. Weka karatasi, jumlisha mapato yenu yote juu, gharama za mtoto chini. Picha inabadilika mara moja.

Halafu ongeza yasiyoonekana kwenye mshahara wa mwezi: michango ya NSSF, uzoefu, cheo kinachofuata. Miaka 3 nje ya kazi hukata vyote hivyo. Ukitaka kukaa nyumbani kwa sababu ndivyo unavyotaka, kaa, hilo ni lako. Lakini usiondoke kazini kwa hesabu mbovu.

Endelea na kikoba chako, hata kwa hisa moja kwa wiki. Akaunti yenye jina lako iwepo. Mkinunua kiwanja, majina yenu mawili yaingie kwenye karatasi siku ya kununua, si "tutarekebisha baadaye." Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ni hukumu kubwa. Lakini jina kwenye hati linakuepusha kwenda kuitafuta haki hiyo mahakamani.

Na wewe mwenye duka Kariakoo au meza ya chakula, ambaye siku 84 hakuna wa kukulipa? Weka akiba ya mzigo kabla ya mwezi wa 8 wa mimba. Muachie mtu mmoja duka, siyo wawili, ili ujue wa kumuuliza. Wateja walipe kwa lipa namba yako. Pesa inaingia kwenye simu yako ukiwa kitandani, na jioni unalinganisha na daftari. Ukirudi, rudi nusu siku kwanza.

Wewe mwenyewe

Kuanzia leba, watu wataacha kukuita jina lako. Utakuwa Mama Fulani, na ni heshima, ifurahie. Lakini kabla ya Fulani kulikuwa na mtu aliyeimba kwaya, aliyesoma riwaya, aliyecheza netiboli Jumamosi, aliyetaka kufanya CPA. Chagua kimoja tu kati ya vyote hivyo. Kimoja. Vingine vitasubiri.

Kipe saa 2 kwa wiki, siku ileile, saa ileile, kama zamu ya kazi. Na utoke nyumbani. Ukibaki chumbani "ukipumzika," mtoto atakusikia, dada atagonga, mume atauliza chumvi iko wapi. Toka hata ukakae kwa msusi na kitabu. Baba abaki na mtoto, na simu yako ilie kwa dharura tu, dharura ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya jikoni.

Shusha viwango vya mambo yasiyo na maana. Mwaka huu wageni watakula wali na mchuzi, siyo pilau, sambusa na juisi ya ukwaju. Harusi za Jumamosi tuma mchango, usihudhurie zote. Vikao vya kamati waachie wenye watoto wakubwa.

Uzazi wa mpango uulize mapema, kliniki ya wiki ya 6. Liko suala la kazi humo pia: likizo ya uzazi yenye malipo huhesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kuilipa zaidi ya mara 4. Mimba inayofuata haraka inaweza kukukuta huna siku zilizobaki.

Na hili usilifanyie mzaha. Kulia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Ukipita wiki 2 bado unalia, hulali hata mtoto akilala, humtaki mtoto au unawaza kujidhuru, nenda hospitali na useme hivyohivyo ulivyo. Ni ugonjwa, unatibika. Usikubali kuambiwa ni uvivu au umerogwa.

Dada akiondoka

Ataondoka. Mara nyingi anakwenda kula Krismasi kwao na Januari simu haipokelewi. Usingoje siku hiyo ndipo uanze kutafuta. Sasa hivi, mambo yakiwa shwari, andika mpango wa siku 5: Jumatatu baba, Jumanne wewe, Jumatano bibi au mama mdogo, Alhamisi na Ijumaa kituo cha kulelea watoto cha mtaani ulichokwisha kukitembelea na kukiona choo chake, jiko lake na idadi ya watoto kwa kila mlezi. Watu hao wote wajue kwamba majina yao yamo, na siku zao ni zipi. Siku 5 zinatosha kumpata dada mwingine bila kuchukua wa kwanza anayebisha hodi.